Masega Yakitoka Yanakwenda Wapi?

Fundi akikwambia, "Bosi, hapa dawa ni kutoa masega tu," usimbishie. Muulize kwanza yakitoka yanakwenda wapi. Kwa watu wa gereji hapa Mwanza, iwe Nyakato au Mabatini, hilo si fumbo: yana mnunuzi. Ndani ya lile kopo la chuma la kusafisha moshi, lililofungwa kwenye bomba la ekzosi, kuna kigae chenye vitundu vidogo vidogo, na juu ya kigae hicho yamepakwa madini ya thamani, platinamu na wenzake. Wapo watu wanaopita gereji kwa gereji wakiyatafuta. Mwenye gari analipia kazi ya kutoa, kopo linabaki gereji, na aliyetoa ushauri amekula huku na huku.

Sisemi kila fundi ana nia mbaya. Wengi wanaamini kabisa wanachokisema. Ila ni jambo la ajabu kwamba uamuzi juu ya gari la mamilioni unafanyika kwa kusikiliza upande mmoja, tena wenye maslahi, gari likiwa juu ya jeki na mwenyewe akiwaza mzigo wake uliobaki soko la samaki la Mwaloni.

Jambo hili limekuja na pikapu za dizeli za kisasa: Toyota Hilux, Ford Ranger, Mitsubishi L200, Nissan Navara, Isuzu D-Max, hasa zile zilizotumika Uingereza na kwingineko kabla ya kufika huku. Gari linatembea vizuri miezi kadhaa, halafu taa inawaka kwenye dashibodi, nguvu zinakata, mlima wa Bugando unapandwa kwa gia ya kwanza. Kuanzia hapo kila mtu ana ushauri.

Na ushauri wenyewe unachanganya vitu vitatu. Kuna EGR, valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili joto la mwako lishuke na gesi za oksidi za naitrojeni zipungue. Kuna chujio la masizi, ambalo mitaani nalo huitwa masega, linalonasa ule unga mweusi wa dizeli kabla haujatoka nje. Na kwenye baadhi ya magari mapya kuna tangi dogo la maji ya urea, yanayouzwa kwa jina la AdBlue, yanayopuliziwa ndani ya ekzosi. Si kila pikapu ina vyote. Hilux za injini ya 1KD, ile D-4D ya lita 3.0 ambayo imejaa barabarani, nyingi hazina chujio la masizi kabisa. Hata za 1GD na 2GD zilizoanza kuuzwa mwaka 2015, baadhi ya zilizotengenezewa masoko kama yetu zilitoka kiwandani bila chujio. Nimemsikia mtu akipatana bei ya kutoa kitu ambacho gari lake halikuzaliwa nacho. Kwa hiyo kabla ya yote, ingia chini ya gari ujue una nini.

Tuseme unalo. Chujio linafanya kazi kwa kujaa na kujichoma. Masizi yakifikia kiwango fulani, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaagiza dizeli ya ziada imwagwe ili joto ndani ya chujio lipande hadi kama nyuzi 600 za Selsiasi, masizi yaungue, njia ifunguke. Kazi hiyo inataka gari liwe kwenye mwendo, bila kukatizwa, kwa robo saa na ushee. Sasa itazame pikapu ya mjini: Mwaloni hadi sokoni, sokoni hadi Buzuruga, foleni ya Mabatini, inazimwa, inawashwa. Uchomaji unaanza, dereva anazima gari ashushe mzigo. Kwenye injini nyingi dizeli hiyo ya ziada inapitia kwenye silinda, na ile ambayo haikuungua inateremka kwenye oili. Vuta kijiti cha oili cha gari la namna hiyo asubuhi kabla halijawashwa: unakuta kiwango kimepita alama ya juu, na ukikinusa kinanuka dizeli. Kuna wenye magari wanaoona hivyo wakafurahi kwamba gari lao "halili oili". Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, na inayoumia ni turbo na beringi za injini.

Safari fupi ni nusu ya kisa. Nusu nyingine tumeipika wenyewe, na hapa ndipo ninapogombana na mafundi wetu. Kutoa themostati, ile valvu ya maji ya kupoza injini, ni desturi huku. Gari likichemka mara moja, themostati inatupwa, na maelezo ni kwamba nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Injini isiyo na themostati inachelewa kupata joto lake, na asubuhi ya mvua za masika inaweza kuzunguka mji mzima isilipate. Kontroli boksi ikiona injini bado ya baridi, haiagizi uchomaji. Inasubiri tu, na masizi yanazidi kulundikana. Baada ya miezi chujio limejaa, na fundi yuleyule aliyetupa kifaa kidogo cha bei nafuu anapendekeza kung'oa kikubwa cha mamilioni. Halafu lawama zote zinakwenda kwa Wazungu na magari yao.

Ongeza nozeli zilizochoka, zinazomwaga dizeli badala ya kuipuliza. Ongeza turbo inayopitisha oili, au mpira wa hewa uliopasuka ukawa unavujisha pumzi ya turbo. Kila kimoja kati ya hivyo kinazalisha masizi mengi kuliko chujio lilivyopangiwa. Na kuna mipira miwili myembamba inayotoka kwenye chujio hadi kwenye sensa ya mgandamizo. Sensa inalinganisha mgandamizo wa moshi kabla na baada ya chujio, na kompyuta inategemea hesabu hiyo kujua kama limejaa. Mpira mmoja ukipasuka au ukaziba, hesabu inakuwa ya uongo: chujio zima linahesabiwa limejaa, au lililojaa linahesabiwa safi. Kubadilisha mpira huo ni kazi ya dakika chache, lakini ni nani anayeuangalia? Mashine ya kusomea ikishaandika kwamba chujio limezidiwa, gereji nyingi husoma hapo na kufunga mjadala.

Wenye 1KD nao wana somo lao, hata bila chujio la masizi. Zile pete za kuziba za nozeli, washa, zikivuja, moshi wa mwako unapenya upande wa oili na kutengeneza matope meusi, yanakwenda kuziba wavu wa pampu ya oili kule chini kwenye sampo, na injini inakufa kwa kukosa oili. Huku mwenyewe alishamaliza hela kuziba EGR kwa sababu aliona moshi mweusi.

Chujio linaziba kwa sababu ya kitu kilicho mbele yake. Ukiling'oa, kile kitu kinabaki palepale kinaendelea kula injini, ila sasa hakuna taa ya kukuambia.

Hoja inayorudiwa kuliko zote ni ile ya mafuta: "Dizeli yetu chafu, vifaa hivi ni vya Ulaya." Zamani ilikuwa hoja. Salfa nyingi kwenye dizeli inadhoofisha yale madini ya kwenye masega na kuongeza masizi. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Ulaya ni 10, kwa hiyo bado tuko nyuma yao, ila sehemu 50 ni kiwango ambacho chujio linaishi nacho. Na uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa, ule uliotusumbua sana, ulibanwa pale EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kuweka vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 na serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, faida ya kuchanganya ikapungua. Anayejaza kituo kinachoeleweka mjini hana sababu kubwa ya kulaumu dizeli. Anayejaza kutoka kwenye pipa kisiwani, au kwenye madumu ya pembeni ya barabara, huyo anayo, na shida yake itakuwa maji na taka zinazoua nozeli mapema kuliko salfa inavyoua chujio.

Barabara nazo zimebadilika. Kwa miaka mingi, pikapu ya Mwanza kwenda Geita ilikuwa inafika Kigongo na kusimama. Foleni ya kivuko, injini inaunguruma ili kiyoyozi kiendelee, masaa yanakwenda. Hakuna kitu kinachojaza chujio kama injini kukaa ikinguruma bila kwenda. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji zinapitwa kwa dakika chache, na kutoka Usagara hadi Sengerema na kuendelea Geita gari linakwenda bila kusimama. Kweli kuna vibao vya 50 kila kijiji na tochi za trafiki nyuma ya miti, lakini kati ya kijiji na kijiji kuna nafasi ya chujio kujichoma. Mtu mwenye safari hiyo mara moja kwa wiki, themostati yake ikiwa nzima, sioni anachokitafuta gereji.

Niwape haki wanaong'oa. Hoja yao nzito kuliko zote haitoki Afrika, inatoka Australia. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua kwamba Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zaidi ya 260,000, zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, ziliuzwa zikiwa na kasoro kwenye mfumo wa chujio la masizi. Kasoro yenyewe ilijitokeza kwa magari yanayokimbizwa mara kwa mara kwenye kama kilomita 100 kwa saa, yaani wale hasa waliokuwa wanafuata ushauri wa "lipeleke barabara kuu". Moshi mweupe, harufu mbaya, dizeli nyingi. Kwa hiyo ukikutana na mtu wa Hilux ya 2016 kutoka soko hilo anayeapa kwamba alifanya kila kitu na bado gari likamsumbua, usimcheke. Hata hivyo, tiba iliyokuja kutolewa mwaka 2020 ilikuwa kurekebisha mfumo, si kuuondoa. Anayenunua Hilux ya miaka hiyo aulize kama marekebisho hayo yalifanyika, maana muuzaji hatakwambia mwenyewe.

Kung'oa kwenyewe hakuishii kwenye kukata kopo na kulichomelea tena. Ukitoa chujio bila kugusa kompyuta, gari linajifunga lisitoe nguvu zake. Kwa hiyo inabidi kontroli boksi iandikwe upya, na faili la kuandikia mara nyingi limenunuliwa mtandaoni kwa mtu ambaye hajawahi kuliona gari lako. Wengi hukuongezea nguvu humohumo kama zawadi, na zawadi hiyo inalipiwa baadaye na klachi, turbo na gasketi ya kichwa. Ukishaamua kwenda njia hiyo, ingawa sikushauri, usiondoke bila nakala ya faili la awali la gari lako. Lisipokuwepo, siku ukitaka kurudi nyuma huna pa kuanzia. Mafuta unayookoa? Kidogo. Chujio safi linakula sehemu ndogo sana ya nguvu. Gari linalonywa sana kwa ajili ya chujio ni lile linalojaribu kujichoma kila siku, na tumeshaona sababu zake.

EGR ni mjadala tofauti na sitaurefusha. Inajaza kaboni kwenye manifoldi, kweli. Inasafishika. Fundi mwenye subira anaifungua, anaisugua na kuirudisha, na kwa muda mrefu husikii shida. Kuiziba kwa kipande cha bati, kama inavyofanyika sana, kunapandisha joto la mwako, na kwenye baadhi ya injini kunawasha taa ileile uliyokuwa unaikimbia.

Sasa tuje kwa anayelipa bila kumiliki gari. Hesabu yote hadi hapa ni ya mfuko wa mwenye gari, na hapo ndipo wachambuzi wengi wa magari wanapoishia. Chujio linalofanya kazi linanasa zaidi ya asilimia 90 ya chembe za masizi. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara. Chembe zenyewe ni ndogo kiasi kwamba gari lililong'olewa linaweza lisionyeshe moshi wowote kwa macho, na mwenyewe akajisifu kwamba injini yake ni safi. Ingiza kidole ndani ya mdomo wa ekzosi uone. Kwenye gari lenye chujio zima kinatoka na vumbi kidogo. Kwenye lililong'olewa kinatoka cheusi tii, na weusi huo hautoki kwa maji matupu.

Weusi huo unakwenda wapi? Mwenye pikapu amefunga vioo na kiyoyozi kinapiga. Anayeuvuta ni bodaboda aliye nyuma yake kwenye mataa, mama anayekaanga samaki pembeni ya stendi ya Nyegezi, na kijana anayepakia magunia ya dagaa Mwaloni akiwa amesimama hatua chache kutoka kwenye bomba kwa sababu dereva hataki kuzima injini. Sitadai kwamba pikapu ndizo zinazochafua ziwa. Nazungumzia mapafu ya watu wa Buzuruga.

Na usidhani tatizo ni la nchi zisizo na sheria kali. Marekani kuvua vifaa hivi ni kosa na faini zake ni za kutisha, lakini Novemba 2020 mamlaka yao ya mazingira, EPA, ilikadiria kwamba pikapu kubwa za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimevuliwa mifumo hiyo ndani ya muongo mmoja, karibu asilimia 15 ya zilizokuwa nayo. Kwa hesabu yao, oksidi za naitrojeni za ziada zilikuwa sawa na kuongeza barabarani pikapu zaidi ya milioni 9. Uingereza walichagua njia rahisi zaidi: tangu Februari 2014, gari lililotoka kiwandani na chujio likifika kwenye ukaguzi wa mwaka bila nalo, limefeli. Huku kwetu kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za ubora wa hewa za 2007, lakini kwenye Wiki ya Nenda kwa Usalama kinachoangaliwa ni breki, matairi, taa na stika. Trafiki hainami kutazama ekzosi. Ndiyo maana sokoni mambo yamegeuka: muuzaji anajisifu kabisa kwamba "masega yalishatolewa, hutasumbuka," na mnunuzi anaongeza hela. Rwanda walianza kupima moshi wa magari kwa lazima mwaka 2025. Anayepeleka mzigo Rwanda kupitia mpaka wa Rusumo angefikiria hilo kabla ya kununua sifa hiyo.

Basi uamuzi. Taa ikiwaka, usianze na chujio. Anza na themostati, nozeli, mipira ya sensa, turbo, halafu oili. Oili ya gari lenye chujio si oili yoyote. Tafuta mgongoni mwa kopo la oili alama ya ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, inayoanza na herufi C, kwa sababu oili za kawaida zikiungua zinaacha majivu mengi, na majivu hayaungui hata kwa nyuzi 600. Hayo ndiyo yanayomaliza chujio kwa uzee. Likifika huko, linafunguliwa na kuoshwa nje ya gari, na watu wa kazi hiyo wapo ukitafuta. Likikataa kabisa, linanunuliwa jingine. Ni ghali. Ulipaswa kulihesabu siku unanunua gari lenye kilomita 200,000, kama ulivyohesabu matairi. Wakulima nao, wa Magu na Misungwi, wasipaki juu ya majani makavu mara tu gari linapotoka kujichoma, kwa kuwa bomba lina moto wa kuwasha shamba.

Anabaki mtu mmoja ambaye ushauri wote huu haumfai: yule ambaye pikapu yake haitoki mjini, Kirumba hadi Igoma na kurudi, kutwa nzima, wiki nzima. Chujio lake litaziba hata kila kitu kikiwa kizima, na akiliosha litaziba tena. Huyo hakukosea gereji, alikosea kununua. Pikapu yake ina wateja upande wa pili wa daraja, watu wa Geita na Katoro wanaokwenda mbali kila siku, na ikiuzwa ikiwa na vifaa vyake vyote haina cha kuficha. Kazi yake ya mjini inafanywa na kirikuu ya petroli, ile pikapu ndogo kama Suzuki Carry, ambayo kwa vitabu inabeba kilo 350, ingawa tunaziona Igoma zikibebeshwa mara mbili ya hapo.